Lita za dizeli ndani ya gunia la mkulima wa Singida

MKULIMA wa Singida anapouza gunia la vitunguu au la alizeti, bei anayolipwa shambani si bei ya zao peke yake. Ndani yake kuna hesabu ambayo mnunuzi ameshaifanya kabla hajatoa fedha mfukoni: gunia litauzwa kiasi gani Dar es Salaam, na litagharimu kiasi gani kulifikisha huko. Kinachobaki baada ya mnunuzi kuweka faida yake ndicho anachopewa mkulima.

Katika hesabu hiyo dizeli huchukua sehemu kubwa. Kutoka Singida mjini hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 700 kwa barabara inayopita Manyoni, Dodoma na Morogoro. Lori linalokunywa mafuta kupita kiasi katika safari hiyo halimtii hasara mwenye lori peke yake. Mwenye lori hupandisha nauli ya mzigo, mnunuzi hushusha bei shambani, na mkulima ambaye hana wa kumsukumia mzigo huo hubaki nao.

Ndiyo maana suala ambalo katika nchi nyingine ni la viwanda vya magari na watetezi wa mazingira, kwa Singida ni suala la bei ya mazao. Je, serikali iweke sheria inayoyalazimisha malori ya biashara kutumia mafuta kidogo? Na kama ndiyo, sheria hiyo ianzie wapi ili isije ikamuumiza yule inayotakiwa kumsaidia?

Wenzetu walivyoanza

Japan ndiyo nchi ya kwanza duniani kuweka viwango vya matumizi ya mafuta kwa magari makubwa. Ilifanya hivyo mwaka 2006, ikiwapa watengenezaji hadi mwaka 2015 kuhakikisha malori mapya yanatumia mafuta vizuri zaidi kwa karibu asilimia 12 yakilinganishwa na yale ya mwaka 2002.

Marekani ilifuata mwaka 2011 kwa kanuni zilizohusu malori yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 2014, kisha ikaongeza makali mwaka 2016. India ilitangaza viwango vyake mwaka 2017. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 2019, ikipima hewa ya ukaa badala ya lita, na mwaka 2024 ukaikaza zaidi. Kwa dizeli vipimo hivyo viwili ni kitu kimoja, kwa sababu kila lita inayoungua hutoa karibu kilo 2.7 za hewa hiyo.

Sheria hizo zote zina jambo moja linalofanana. Zinambana mtengenezaji wa lori jipya kabla halijatoka kiwandani. Hazimgusi mwenye lori ambalo tayari liko barabarani.

Hapo ndipo ugumu unapoanza kwa Tanzania. Malori mengi yanayobeba mazao ya Singida hayakununuliwa mapya. Ni Fuso na Isuzu kutoka Japan, au vichwa vya Scania, Volvo na DAF vilivyokwisha kufanya kazi miaka mingi Ulaya. Yako pia mapya kutoka China, lakini mkulima wa kijijini hukutana zaidi na lile lililotumika.

Kwa maneno mengine, nchi imekuwa ikipokea sheria za wenzake kwa kuchelewa. Lori lililotengenezwa chini ya viwango vya Japan vya mwaka 2006 hufika Bandari ya Dar es Salaam baada ya miaka kadhaa, likiwa na uchakavu wake. Lililotengenezwa kabla ya viwango hivyo huingia kwa mlango huo huo.

Sheria ambazo tayari zinagusa dizeli

Tanzania haina sheria inayosema lori la aina fulani lisitumie zaidi ya lita kadhaa kwa kilomita 100. Lakini si kweli kwamba serikali haijawahi kuingilia matumizi ya mafuta ya malori. Imeingilia kwa njia nyingine, na nyingi kati ya hizo hupita Singida kila siku.

Ya kwanza ni uzito. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori zima pamoja na mzigo. Ekseli ya usukani haitakiwi kuzidi tani 8, na ekseli moja yenye matairi manne haitakiwi kuzidi tani 10. Malori yanayopita Singida hupimwa kwenye mzani wa Njuki.

Ya pili ni mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inazuia magari mazito kuzidi kilomita 80 kwa saa. Wengi huiona kuwa ni sheria ya ajali tu, lakini ni ya mafuta pia. Lori linapotoka kilomita 80 na kwenda 100, nguvu ya upepo inayolizuia huongezeka kwa zaidi ya nusu, na nguvu hiyo hulipiwa kwa dizeli.

Ya tatu ni ubora wa mafuta yenyewe. Wasomaji wanakumbuka enzi za uchakachuaji, ambapo mafuta ya taa yalichanganywa na dizeli kwa sababu yalikuwa na kodi ndogo. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli kama dizeli inavyofanya, hivyo injini huchakaa haraka na kuanza kutumia mafuta ovyo. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuchanganya.

Mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha kiwango cha salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni. Hatua hiyo ilifungua mlango kwa injini za kisasa zaidi, ambazo mitambo yake ya kusafisha moshi huharibika haraka ikikutana na dizeli chafu.

Ya nne ni umri wa magari yanayoingizwa. Kenya ilizuia magari yaliyozidi miaka 8 tangu kutengenezwa. Uganda mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kuzuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikupiga marufuku kwa umri bali ilichagua kodi: magari makuukuu hulipiwa ushuru wa ziada.

Kwa hiyo kazi iliyopo si ya kuanza na karatasi tupu. Ni ya kuangalia sheria hizi kwa jicho jipya, na kuuliza ni ipi inayopunguza lita zinazotumika kwa kila gunia.

Hesabu ya gunia moja

Kipimo cha lita kwa kilomita, ambacho madereva wengi hukitumia, kinaweza kumpotosha mtu. Kwa mkulima kipimo cha maana ni lita kwa gunia lililofika sokoni. Mfano ufuatao unaonyesha tofauti hiyo.

Tuchukue lori lenye tela, limebeba tani 30, sawa na magunia 300 ya kilo 100. Tuseme linatumia lita 45 kwa kilomita 100 likiwa na mzigo, na lita 30 likirudi tupu. Tuseme pia dizeli ni Sh3,000 kwa lita, bei ambayo nchi iliivuka mwaka 2022 wakati soko la dunia lilipovurugika na serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya Sh100 bilioni kwa mwezi kuanzia Juni mwaka huo.

Kwenda Dar es Salaam lori hilo litatumia lita 315, yaani Sh945,000. Kurudi tupu litatumia lita 210, yaani Sh630,000. Jumla ni Sh1,575,000. Kila gunia limebeba Sh5,250 za dizeli tu, kabla ya matairi, posho ya dereva na utingo, matengenezo na faida ya mwenye lori.

Sasa tuseme sheria imeletwa, na lori hilo limebadilishwa kwa jingine linalotumia mafuta pungufu kwa asilimia 10. Gunia litaokoa Sh525. Si fedha ndogo kwa mkulima mwenye magunia 50.

Lakini tuache lori lile lile la zamani, bila kubadilisha hata nati moja, ila lipate mzigo wa kurudi nao ambao utajilipia dizeli yake. Gunia litabeba Sh3,150 badala ya Sh5,250. Hapo limeokoa Sh2,100, mara nne ya kile kilicholetwa na injini bora.

Tuchukue upande wa pili: Fuso ya tani 10 inayotumia lita 28 kwa kilomita 100 ikiwa na mzigo na lita 20 ikiwa tupu. Dereva wake atajisifu kwamba gari lake halili mafuta. Lakini safari ya kwenda na kurudi itagharimu Sh1,008,000 kwa magunia 100 tu, sawa na Sh10,080 kwa gunia. Gari linalotumia mafuta kidogo kwa kilomita ndilo linalotumia mengi kwa gunia.

Alizeti hujaza lori kabla ya kulipa uzito

Hesabu hiyo hubadilika tena linapokuja zao linaloutambulisha mkoa huu. Mbegu za alizeti ni nyepesi. Gunia lililojaa huwa na kilo 60 hadi 70, si 100. Lori hujaa hadi juu ya bodi huku mzani ukionyesha kuwa bado lina nafasi ya uzito.

Magunia 300 ya alizeti ya kilo 65 ni tani 19.5 tu. Hata kama lori litapunguza matumizi kidogo kwa kuwa jepesi, bado kila kilo ya alizeti hubeba dizeli nyingi kuliko kilo ya mahindi au mtama kwenye lori hilo hilo. Ni kama kulipia kiti cha basi na kukikalia nusu.

Dawa ya hilo haipo kwenye injini. Ipo kwenye mashine za kukamua. Tani tatu hadi nne za mbegu hutoa karibu tani moja ya mafuta, kutegemea mbegu na mashine. Lori lenye tani 30 za mafuta ya kula limebeba kazi ya malori matatu hadi manne ya mbegu kwa uzito, na zaidi ya hapo ukipima kwa nafasi.

Singida ina viwanda vikubwa na mashine nyingi ndogo za kukamua. Kila gunia linalokamuliwa hapa badala ya kusafirishwa likiwa mbegu ni dizeli iliyookolewa. Ni kweli mashudu nayo hutafuta soko nje ya mkoa na huhitaji lori. Lakini yanaweza pia kubaki na kulisha kuku wa kienyeji na mifugo ya mkoa huu, ambao ni maarufu kwa vyote viwili.

Kwa hiyo sera inayokifanya kiwanda cha Singida kipate umeme wa uhakika na mikopo ya kununulia mbegu msimu wa mavuno ni sera ya matumizi bora ya mafuta ya malori, ingawa haitaandikwa hivyo popote.

Lumbesa na mzani

Kwa vitunguu tatizo ni kinyume chake. Kitunguu ni kizito, kina maji, na hakingoji. Katika soko la vitunguu la Misuna, Singida mjini, mzigo hununuliwa kwa gunia na nauli ya lori mara nyingi huhesabiwa kwa gunia.

Hapo ndipo lumbesa inapoingia. Sheria ya vipimo, inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo, inataka gunia lisizidi kilo 100. Mnunuzi anayeshonea kilemba juu ya gunia hupata kilo za bure kutoka kwa mkulima, na hupata pia usafiri wa bure wa kilo hizo kutoka kwa mwenye lori.

Lakini kilo hizo zipo, hata kama hazikuandikwa. Lori linapopanda kwenye mzani, ekseli husema ukweli. Dereva aliyehesabu magunia 280 akidhani ana tani 28 hukuta amezidi. Hulazimika kupanga upya mzigo au kupunguza, na kulipia ziada. Wakati hayo yakifanyika, vitunguu hupata joto chini ya turubai na injini iliyoachwa inaunguruma humaliza lita mbili hadi tatu kwa saa bila kusogea hatua moja.

Lazima pia isemwe wazi kwamba sheria ya uzito na lengo la kuokoa mafuta havivutani upande mmoja siku zote. Lori lililozidisha uzito hutumia dizeli nyingi kwa kilomita, lakini pungufu kwa gunia. Ndiyo maana wasafirishaji wamekuwa wakipambana na mizani kwa miaka mingi.

Oktoba 2013, Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, alipofuta nafuu ya asilimia 5 iliyokuwa ikitolewa kwa magari yaliyozidi uzito, wasafirishaji waligoma na malori yakasimama. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisitisha agizo hilo. Mgogoro huo haukuwa wa ukaidi tu. Asilimia 5 ya tani 56 ni karibu tani tatu, na tani tatu ni magunia 30 yanayosafiri karibu bure.

Tatizo ni kwamba bure hiyo hulipwa na mwingine. Uharibifu wa barabara haukui sawasawa na uzito. Kwa kanuni inayotumiwa na wahandisi, ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12 huharibu lami karibu mara mbili. Barabara ikishaharibika, kila lori linalofuata hupunguza mwendo, hubadilisha gia mara kwa mara na kuunguza dizeli zaidi, likiwamo lile lililotii sheria.

Ndani ya Mkoa wa Singida hakuna anayeielewa hoja hiyo kuliko dereva anayepanda Mlima Sekenke wilayani Iramba. Kabla barabara hiyo haijajengwa kwa lami, mlima huo ulikuwa jina la kutisha kwa malori. Lami ikitunzwa, mlima ni gharama inayobebeka. Ikiachwa iharibike, gharama hurudi.

Hatari ya kukimbilia umri wa lori

Tanzania iliahidi kimataifa mwaka 2021 kupunguza ongezeko la hewa chafuzi kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo mwaka 2030, na usafirishaji ni moja ya sekta zilizotajwa. Shinikizo la kuweka viwango vya magari linaweza kuongezeka, na njia rahisi kuliko zote kwa mtunga sheria ni kutaja umri: lori lililozidi miaka kadhaa lisiingie, au lisiendelee na kazi.

Njia hiyo ina sifa ya kueleweka na kusimamiwa kirahisi. Kwa Singida ina hatari tatu.

Kwanza, lori la zamani ndilo linalokwenda kijijini. Mwenye lori jipya la mkopo halipeleki kwenye njia ya mchanga na mawe ya Iramba, Mkalama au Ikungi msimu wa mvua. Mzigo hutolewa na Fuso ya zamani ambayo bei yake ilishalipwa siku nyingi na ambayo fundi wa mtaani anaweza kuitengeneza. Ikiondolewa bila mbadala, nauli ya kutoka shambani hadi barabara kuu itapanda kabla ya faida yoyote kuonekana.

Pili, umri hausemi lori linatumia kiasi gani. Lori la miaka 12 lenye nozeli safi, matairi yenye upepo wa kutosha na dereva asiyepiga resi linaweza kulishinda la miaka 6 lililotelekezwa.

Tatu, injini mpya zaidi za Ulaya, za kiwango cha Euro 6, zilisanifiwa kwa dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni na huhitaji kimiminika maalumu cha kusafisha moshi. Sheria ikilazimisha injini hizo kabla mafuta na kimiminika hicho havijapatikana kwa uhakika hadi Manyoni na Singida, malori yataharibika njiani, au mitambo hiyo itang'olewa na mafundi. Hapo hakuna atakayekuwa amefaidika.

Nani atapata faida

Swali jingine ambalo haliwezi kukwepwa ni hili: lori likiokoa dizeli, fedha hiyo itamfikia mkulima?

Si lazima. LATRA, mamlaka ya usafiri ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, hupanga nauli za mabasi ya abiria. Nauli za mizigo hupangwa na soko. Kijiji kinachofikiwa na lori moja kwa wiki hakina soko la maana. Dizeli ikipanda, nauli hupanda siku hiyo hiyo. Ikishuka, nauli hukawia, na wakati mwingine haishuki kabisa.

Mkulima anayo silaha moja ambayo haitumii. EWURA ilianza kutangaza bei kikomo za mafuta mwaka 2009, na bei hizo hutangazwa kila mwezi kwa kila eneo, Singida ikiwamo. Chama cha ushirika kinachoingia mkataba na msafirishaji kinaweza kuandika kwamba nauli itapanda na kushuka kwa kufuata bei hiyo. Hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji wakulima wakusanye mzigo pamoja, wajue uzito wake, na wazungumze na msafirishaji zaidi ya mmoja.

Faida ya kukusanya mzigo ni mbili. Lori kubwa lenye mzigo kamili ni nafuu kwa gunia kama hesabu ya awali ilivyoonyesha. Na Singida iko katikati ya njia ya malori yanayopeleka shehena Rwanda, Burundi na Congo. Mengi kati ya hayo hurudi Dar es Salaam bila mzigo. Yale ya Kitanzania ambayo masharti yake yanaruhusu yanaweza kubeba mazao ya hapa kwa bei nafuu kuliko lori linalotumwa mahsusi. Ya nchi jirani hayaruhusiwi kubeba mzigo wa ndani kutoka mkoa mmoja hadi mwingine, na hapo pana suala ambalo Jumuiya ya Afrika Mashariki haijalimaliza.

Nini kifanyike

Kuweka viwango vya mafuta kwa malori ni jambo jema, lakini mpangilio wake ndio utakaoamua kama Singida itapona au itaumia.

Hatua ya kwanza iwe kupima. Lori lililotumika linapoingizwa nchini tayari hukaguliwa ubora wake chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Ukaguzi huo uongezwe daraja la matumizi ya mafuta, lililoandikwa kwa lita kwa tani ya mzigo kwa kilomita 100, ili mnunuzi alione kabla hajatoa fedha. Baada ya takwimu za miaka michache ndipo nchi itajua kikomo kipi kinawezekana.

Hatua ya pili, ushuru wa kuingiza malori ufuate daraja hilo badala ya umri peke yake. Lori linalotumia vizuri lilipe kidogo, linalokunywa lilipe zaidi. Malori madogo ya vijijini yapewe muda mrefu na mkopo wenye masharti nafuu wa kubadilisha, kwa sababu hayo ndiyo mkono wa kwanza wa mkulima.

Hatua ya tatu, mzigo upimwe unapopakiwa. Mzani mdogo Misuna na kwenye maghala ya ushirika ungemaliza lumbesa na msongamano wa mizani kwa pamoja. Kumkamata dereva kilomita 100 mbele kwa kosa lililofanyika ghalani ni kuchelewa.

Hatua ya nne ni barabara za vijijini. Kuanzia Julai 2021 kila lita ya dizeli na petroli iliongezewa Sh100 za tozo ya barabara, lengo likiwa ni barabara zinazosimamiwa na TARURA. Mkulima wa Singida anailipa tozo hiyo kupitia nauli ya gunia lake. Ana haki ya kuona daraja na kifusi kwenye njia ya shamba lake, kwa sababu kilomita 30 za njia mbovu zinaweza kula dizeli ya kilomita nyingi za lami.

Hatua ya tano ni dereva. Kupima upepo wa tairi, kutotembea zaidi ya kilomita 80 kwa saa na kuzima injini wakati wa kusubiri hakuhitaji gari jipya. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) na vyuo vya VETA vinafundisha madereva. Somo la kuokoa mafuta lipewe uzito sawa na alama za barabarani.

Reli ya kisasa nayo inakuja kubadilisha hesabu. Treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na njia hiyo imepangwa kupita Makutupora wilayani Manyoni kuelekea Tabora. Siku mizigo ya mazao itakapopakiwa Manyoni, sehemu kubwa ya kilomita 700 za dizeli itabadilika kuwa za umeme. Lakini hata siku hiyo gunia litahitaji lori la kulitoa Mkalama au Iramba hadi stesheni, na lori hilo huenda likawa ile ile Fuso ya zamani.

Kwa hiyo mtunga sheria atakapokaa kuandika kikomo cha lita, aanze kuhesabu kutoka kwenye shamba la alizeti. Sheria ikimfaa mkulima aliye mwisho wa njia ya mchanga, itawafaa na wengine wote walio kwenye lami.